Mbolea ya ruzuku ni ya mwenye shamba au ya mwenye jembe?

SWALI: Mhariri, asalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto wanne, na huu ni mwaka wa tatu ninalima mahindi katika ekari mbili za kukodi wilayani Handeni. Msimu uliopita nilipokwenda kwa wakala kununua mbolea ya ruzuku, niliambiwa kwamba shamba hilo limekwisha kuandikishwa kwa jina la mwenyewe, anayeishi Tanga mjini na ambaye hajalilima kwa miaka mingi, na kwamba mifuko yake imekwisha kuchukuliwa. Je, ruzuku hii ni ya nani hasa?
Msomaji, Handeni

JIBU: Wa aleikum salaam, mama. Kwa maoni yetu ni ya anayelima, na uliyotendewa si haki.

Ruzuku hii ilizinduliwa Mbeya tarehe 8 Agosti 2022, siku ya Nane Nane, baada ya bei ya mbolea kupanda sana duniani, na vita vya Ukraine vikaizidisha. Mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, uliokuwa umepita shilingi 130,000, ulishushwa hadi 70,000, na tofauti hiyo ikabebwa na Serikali. Kwa bei za mwaka ule, kila mfuko uliochukuliwa kwa jina la shamba unalolima wewe ulikuwa na takribani shilingi 60,000 za umma ndani yake.

Mkulima huandikishwa katika daftari la kijiji kwa jina, namba ya simu na ukubwa wa shamba, akapewa namba ambayo wakala huitumia kumtambua. Kiasi anachostahili hufuata ekari zilizoandikwa. Udhaifu uko hapo hapo: mtambo unazijua ekari, lakini haumjui aliyeamka alfajiri kuzipalilia. Anayemjua ni jirani.

Lakini ujirani peke yake hautoshi. Wakati wa vocha za pembejeo, yaani hati za kununulia mbolea na mbegu kwa bei nafuu, kuanzia msimu wa 2008/09, kaya zilizolima chini ya hekta moja ndizo zilizolengwa, zile zinazoongozwa na wanawake zikipewa kipaumbele, na uchaguzi wa wanufaika uliachiwa kamati ya kijiji yenye wanawake na wanaume. Hata hivyo, utafiti uliofanywa mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba takribani asilimia 60 ya vocha ziliishia katika kaya za viongozi wa kijiji waliochaguliwa. Kamati ilikuwepo na kanuni zilikuwepo, lakini orodha haikuwekwa machoni pa watu wote kiasi cha kutosha. Nchini Marekani, ambako ruzuku za kilimo nazo huwaelemea wenye mashamba makubwa, kuna taasisi ya kiraia iliyokusanya malipo ya tangu 1995, kaunti kwa kaunti, hata mtu yeyote akaweza kutazama nani amepokea kiasi gani. Sioni kwa nini kijiji cha Handeni, chenye watu wanaofahamiana kwa majina ya babu zao, kishindwe kubandika karatasi moja ukutani.

Basi mama, usisubiri mvua za vuli zianze. Andikishaneni na mwenye shamba mkataba mfupi wa ukodishaji mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, upeleke nakala kwa mtendaji wa kijiji, na uombe taarifa za daftari zihuishwe ili ekari hizo mbili zisomeke kwa jina lako. Mwombe afisa ugani afike shambani aone mwenyewe. Kisha uombe orodha isomwe kwa sauti katika mkutano mkuu wa kijiji, jina na ekari zake, mbele ya wote. Mkikataliwa, andikeni barua kwa mtendaji wa kata na nakala kwa afisa kilimo wa wilaya. Nimesema andikeni kwa sababu naamini hukodi peke yako hapo kijijini: watafute wenzako, muweke sahihi pamoja, na kila mmoja abaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.