Kwa nini unyevu wa udongo umepanda ilhali mvua haikunyesha?

Swali: Mimi ni afisa ugani wilayani Newala. Tangu Desemba nachota udongo wa sentimita 20 za juu kila Jumatatu katika shamba la mihogo, kisha naupima na kuukausha ili nione unyevu unavyobadilika msimu mzima. Katika wiki mbili za Februari mvua haikunyesha, lakini kipimo kilipanda kutoka asilimia 6 hadi 9. Je, mizani yangu ni mbovu?

Jibu: Ndugu afisa ugani, mizani usiilaumu kwanza. Shimo ulilokwisha kuchota halirudiwi, kwa hiyo kila Jumatatu unapima mahali papya, na tofauti ya mahali na mahali unaihesabu kuwa mabadiliko ya wakati. Katika udongo wa kichanga wa uwanda wa Makonde, ilipo Newala, hatua chache kutoka kivulini mwa mkorosho hadi peupe zinatosha kuleta asilimia hizo 3. Gawa shamba vipande 5 au 6 kwa vigingi, uchote katika kila kipande kila mara, nusu mita kutoka shimo la awali, na ulinganishe kipande na chenyewe kabla ya kutafuta wastani.

Siku ya kupima nayo ina neno. Kichanga hupitisha maji upesi, hata sehemu kubwa ya mvua ya Alhamisi huwa imekwisha kuteremka chini ifikapo Jumatatu. Baada ya mvua kubwa chota siku ya 1, ya 2 na ya 4, na wakati wa ukavu mara moja kwa wiki yatosha. Udongo utiwe papo hapo katika kopo lenye kifuniko, kwa maana joto la huku halisubiri pikipiki ifike ofisini.

Kausha kwa nyuzi joto 105 kwa saa 24. Ukiondoa uzito wa kopo, tuseme udongo mbichi ni gramu 118 na mkavu 107: maji ni gramu 11, nawe gawanya kwa 107, si kwa 118 kama wengi wanavyokosea, upate asilimia 10.3. Ikiwa sentimita moja ya ujazo wa udongo huo mkavu ina gramu 1.5, tabaka lako la sentimita 20 lina maji ya takriban milimita 31 (0.103 × 1.5 × milimita 200), kipimo unachoweza kukilinganisha moja kwa moja na mvua.

Ukipata kihisi cha kielektroniki cha unyevu, kitakusomea mahali pamoja kila saa, ila kwanza kilinganishwe na udongo wako uliokaushwa, na kikandamizwe vizuri, kwani mwanya wa hewa pembeni hukifanya kisome ukavu usiokuwapo.