A ya mwenzako haipunguzi yako

Wengi hufika chuoni na mazoea ya kuficha wanachojua. Tangu shule ya msingi walipangwa kwa nambari, wa kwanza hadi mkia, na ukimwelekeza jirani leo, kesho anakupita. Pale Chuo Kikuu cha Maseno nilikosoma, nambari hizo hazikuwepo. Ukipata 70 kwenda juu ni A, 40 ndiyo ya kupita, na darasa zima likifikisha 70, nyote mna A. Ndiyo maana nawahimiza wanafunzi wapya walielewe hili wiki ya kwanza, kabla choyo hakijazoeleka.

Kikundi chetu cha takwimu kilikuwa cha watu watano. Jioni tulitafuta darasa tupu, kila mmoja akapewa mada yake, akasimama ubaoni na chaki akaifafanua hadi wote waridhike. Anayefafanua ndiye anayefaidi zaidi, maana maswali ya wenzake humwonyesha alipokuwa amekariri tu. Kumfanyia mtu kazi yake au kumtilia sahihi ya mahudhurio ni jambo lingine kabisa. Huko ni kumlemaza, na siku ya mtihani atakuwa peke yake.

Njaa ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu mtu huificha. Pesa za mkopo zikichelewa, utamwona mwenzako anaanza kukosa vipindi, au anasema amekula mjini na hajatoka chumbani tangu asubuhi. Jirani yangu wa hosteli alikuwa na njia yake, nami naiheshimu hadi leo. Hakuwahi kumuuliza mtu kama amekula. Akibandika sufuria, alibisha mlango wako: "Komredi, njoo unisongee ugali, mimi nakatakata sukuma." Ukaenda kusaidia, ukala kama mtu aliyefanya kazi, na hakuna aliyejua mfuko wako ulivyo. Ukitaka kusaidia mwenzako, msaidie hivyo. Mambo ya kutangaza mchango kwenye WhatsApp yangoje ugonjwa au msiba, na umwombe ruhusa kwanza.

Tena, anayepokewa vizuri hupokea wengine. Mimi nilibebewa godoro kutoka getini na mtu wa mwaka wa tatu nisiyemjua. Kwa hiyo wageni wakija kuripoti, wewe wa mwaka wa pili usilale chumbani. Shuka getini, shika mzigo wa mtu, mwonyeshe foleni ya usajili ilipo na kibanda cha chakula cha bei nafuu, kisha mwachie nambari yako ya simu.