Mfumo mpya vituo vyote: siku moja au kidogo kidogo?

Kaka salaam, swali lako nimelisoma lote. Yani mna wafanyakazi mia tano na kitu, vituo kuanzia Malindi, Mambrui, Marafa hadi Garsen, mmenunua mfumo mmoja wa kompyuta wa stoo, manunuzi, uhasibu na rekodi za wafanyakazi, bosi anataka kila kituo kiuwashe 1 Julai kwa vile ndio mwaka wa fedha unaanza, na wewe unaona balaa laja ila huna la kumwambia. Mimi niko ICT huku Amu (Lamu) kwenye taasisi moja, jina tuliache, yenye vituo Mokowe, Mpeketoni, Witu, Faza na kwengine, na zoezi hilo tumelipitia.

Tuanze na hio 1 Julai. Kwa wahasibu bosi wako ana haki, mkifunga vitabu 30 Juni salio la kufungulia mwaka mnaliingiza safi mara moja, mkianza katikati mtahamisha na miamala ya miezi iliyopita na hapo ndio ugomvi. Lakini kwa watu wa stoo na manunuzi hakuna wakati mbaya kama huo, Juni nzima watu wanakimbizana na LPO za mwisho, yani oda rasmi za kununua, mara kuhesabu stoo, mara wakaguzi hao wamefika, nani atakaa darasani? Na huku kwetu ongeza upepo wa Kusi, bahari imechafuka, mkufunzi umpeleke Faza kwa boti afike amelowa na kichwa chamzunguka, afundishe nini. Mpe bosi kisa cha Hershey, wale wa chokoleti Marekani. Mwaka 1999 walibadilisha mifumo mitatu kwa mpigo, walipanga Aprili ikasogea mpaka Julai, ikaangukia pale pale maoda ya Halloween na Krismasi yanapoingia, chokoleti ipo godauni lakini kuitoa ndio shida, maoda ya kama dola milioni 100 hayakuwafikia wateja. Mabosi huelewa hela kuliko wanavyoelewa seva.

Sasa kidogo kidogo kila mtu anaikubali, tatizo ni mnakata wapi. Wengi hukata kwa idara, mwaka huu manunuzi vituo vyote, mwakani stoo, baadaye uhasibu, na kwenye karatasi inapendeza kwa sababu kila mkuu wa idara anaijua zamu yake. Njoo kazini sasa: LPO imetoka kwenye mfumo mpya, mzigo unapokelewa stoo kwa S13, ile fomu ya karatasi ya kupokelea mzigo, mhasibu anataka kulipa, akifungua mfumo hauna habari kama mzigo umefika, anamwandama karani wa stoo amletee karatasi aichape tena. Kila mzigo unachapwa mara mbili, na vituo vyote viko hivyo kwa pamoja. Sisi tulikata kwa kituo. Tukachukua Mpeketoni peke yake, lori lafika mpaka mlangoni na hakuna habari ya boti, tukawasha mnyororo mzima, ombi, LPO, kupokea, kutoa, malipo, wengine wote wakabaki na makaratasi yao. Kikiharibika kitu kimeharibika sehemu moja na wa kumpigia simu unamjua.

Ila kukata kwa kituo nako kuna gharama yake, nayo ni mizigo inayohama kutoka kituo cha mfumo mpya kwenda cha karatasi. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu waliotuuzia hawakuwa na jibu. Mfumo wao ulijua hali mbili tu, kitu kiko stoo hii au kiko stoo ile. Sasa nenda jeti ya Mokowe, pale boti zinapofunga, uone: lori limeshusha maboksi, mahamali wanayateremsha kwenye boti, mengine ya Amu, mengine ya Faza, na boti ya Faza hupita mlango wa bahari wa Mkanda maji yakijaa, yakiwa yametoka inangoja. Kwa hio maboksi yanaweza kulala pale, na kwenye mfumo yako wapi? Karani wa Mokowe ameshayatoa, wa Faza hajayapokea, au mbaya zaidi amebonyeza "nimepokea" kwa sababu skrini inamwonyesha rangi nyekundu kila asubuhi na amechoka nayo, halafu ikija kuhesabiwa maboksi manne hayapo na kila mtu ana sahihi yake mkononi. Tukafungua stoo ya tatu iliyo kwenye mfumo tu, tukaiita NJIANI. Mzigo ukitoka Mokowe unaingia NJIANI pamoja na jina la nahodha, na hautoki mle mpaka wa Faza ahesabu mwenyewe na aingize idadi aliyoiona, si ile iliyoandikwa. Kwa kituo ambacho bado kiko kwa karatasi, fomu ya mzigo iliyosainiwa inapigwa picha inatumwa WhatsApp, na mtu mmoja tu wa makao makuu ndiye mwenye ruhusa ya kuutoa mzigo NJIANI kwa niaba yao. Kila Jumatatu inafunguliwa NJIANI kuangaliwa kilicholala humo. Nyinyi hamna boti lakini mna barabara ya Garsen, mto Tana ukifurika mtanikumbuka.

Jengine ni majina ya vitu. Kwenye madaftari yetu kulikuwa na A4, rim, fotokopi pepa na "karatasi nyeupe", na vyote ni kitu kimoja. Mkihamisha hivyo mfumo utawaambia rim zimeisha na huku zimejaa kabatini. Kazi ya kusafisha mpeni mtu wa stoo, sio sisi wa ICT, sisi hatujui bomba la nusu inchi na la robo tatu. Inachosha, haionekani, hakuna atakayekupongeza, na inakula muda kuliko kuuseti mfumo wenyewe.

Halafu kaunta buku, yale madaftari makubwa ya stoo. Siku mnawasha kituo tangazeni siku hio hio tarehe ambayo daftari litafungwa. Kuendesha vyote viwili pamoja mwezi mmoja hata miwili ni sawa, mnalinganisha, lakini pasipo tarehe daftari la kweli litashuka chini ya meza na mfumo utajazwa kwa mpigo ikikaribia ripoti, utapata ripoti nzuri za uongo. Na usidanganyike na idadi ya walioingia na pasiwadi. Tazama saa za miamala, kama kutwa nzima kimya halafu yote imeingia saa kumi alasiri, jua kuna daftari mahali.

Lakini kabla hujawagombeza kaa nao uone kwa nini. Karani mmoja mtu mzima alinambia, "mwanangu lori laondoka, mimi siwezi kuingoja kompyuta ifikiri", nikaitazama ile skrini ya kutoa mzigo ina nafasi za kujaza zaidi ya kumi, zinazohitajika hasa ni nne. Tukazifinyanga mpaka zikabaki hizo nne kabla hatujaenda kituo cha pili. Ingekuwa tumewasha vyote siku moja, hio skrini ingemkwamisha kila karani kuanzia Witu hadi Faza kwa wakati mmoja, na simu zote zingekuja kwangu. Na huyo mzee ndiye aliyekwenda kuwafundisha wenzake Witu, walimsikiliza kuliko vijana wa kampuni na projekta yao.

Bosi akikwambia hayo ni ya ofisi ndogo, mwambie Wizara ya Afya ilipoleta DHIS2, ule mfumo wa ripoti za vituo vya afya uliotoka Chuo Kikuu cha Oslo, majaribio yalianza hapa hapa Pwani mwaka 2011. Mpango wa mwanzo ulikuwa kila wilaya iwe na kompyuta yake na mfumo wake ndani, walipoona modemu za simu zinashika intaneti wakageuza, ikawa seva moja, na mwaka huo huo ukasambaa nchi nzima. Walibadilisha jambo kubwa hivyo wakati bado ni rahisi kubadilisha.

Kalenda pia muitazame na watu wa kila kituo, sisi Mfungo Sita hatugusi kitu, mji umejaa wageni wa Maulidi na ofisini utamkuta nani. Na mafunzo yawe wiki ile ile ya kuwasha kwa vitu vyao wenyewe, ukifundisha miezi miwili kabla wamesahau hata pa kubonyeza.

Kwa hio ningekuwa wewe, 1 Julai mpe bosi uhasibu wa makao makuu peke yake, apate tarehe yake ya kutangaza. Stoo na manunuzi anzeni kituo kimoja Septemba vurugu zimepoa. Mimi nachagua Mambrui sijui kwa nini, labda kwa vile ni karibu na wewe kufika kwa tuktuk, lakini kwanza nijibu mawili: kituo gani kinapokea mzigo moja kwa moja kutoka kwa msambazaji bila kupitia Malindi, na karani gani wengine humpigia simu wakikwama? Weka hapa tuone.