Unga wa kabla ya mazoezi ukiacha kukushtua, usiongeze kijiko

Mkuu, umesema miezi minne umetumia unga kila siku, kijiko kimoja hakikugusi tena, umefika viwili, na ukitoka jimu unadondoka kama gunia. Unauliza uhamie kopo gani. Usihamie kokote. Nilihangaika hivyo hivyo mwaka mzima, na kila kopo jipya lilinipa wiki moja nzuri, kisha yakawa yale yale.

Kwenye huo unga kinachokuamsha hasa ni kafeini. Kule kuwashwa usoni na masikioni kunatokana na beta-alanini, ambayo si kichangamshi, kwa hiyo usipime nguvu ya unga kwa kuwashwa. Sasa, muda wote ukiwa macho ubongo unakusanya adenosini, kemikali inayoleta uchovu. Inakaa kwenye vipokezi vyake kama mtu anavyokaa kwenye kiti, na kadiri viti vinavyojaa ndivyo unavyochoka. Kafeini inawahi viti hivyo. Uchovu upo pale pale, umekosa tu pa kukaa. Ukifanya hivyo kila siku, ubongo nao unaongeza viti, na kijiko cha jana hakitoshi kuvijaza. Kafeini ikiondoka, adenosini yote iliyokuwa imesimama inakaa kwa mpigo. Huko ndiko kudondoka kwako.

Kilichonifungua macho ni hesabu. Siku moja nilikaa mezani na kopo langu nikasoma lebo: miligramu 250 kwa kijiko. Vijiko viwili, 500. Kahawa mbili za asubuhi, kama 95 kila kikombe. Karibu 700 kwa siku, wakati mamlaka za chakula na dawa za Marekani na za usalama wa chakula Ulaya zinataja 400 kwa siku kwa mtu mzima mwenye afya, na hao wa Ulaya wanataja 200 kwa mkupuo mmoja. Mjamzito asipite 200 kwa siku nzima. Mimi nilikuwa nazidisha hivyo huku nikijiona mtu wa kiasi!

Halafu kuna usiku. Kafeini hupungua nusu kwa takriban saa tano, ingawa kwa wengine ni pungufu na kwa wengine ni zaidi, hasa wanawake wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango. Mimi nilikuwa nakunywa saa 12 jioni. Saa 5 usiku nilikuwa bado na 250 mwilini, na huo ndio muda wa kupanda kitandani. Nilikuwa nalala, ndiyo, lakini usingizi mwepesi, naamka mzito, nafuata kahawa, na jioni nafuata unga. Kuna utafiti wa mwaka 2013 ambao watu walipewa miligramu 400 saa sita kabla ya kulala, na usingizi wao ukapungua kwa zaidi ya saa moja. Kwa hiyo sehemu kubwa ya uchovu unaoulaumu mwili wako kwa kuuzoea unga, naamini ni deni la usingizi.

Kutoka kwangu hakukuwa kwepesi. Mara ya kwanza niliacha ghafla, na siku ya pili kichwa kiliuma mpaka nyuma ya macho, nikarudi kwenye kopo. Mara ya pili nilipunguza nusu kijiko kila siku nne, nikaacha na kahawa ya pili. Maumivu yalikuja madogo tu. Kwa kawaida hali hiyo huanza ndani ya siku moja tangu uache, hukaza siku ya kwanza na ya pili, na kwa wengi huisha ndani ya siku tisa, basi usiogope. Daftari langu la mazoezi la wiki ile linasomeka vibaya: skwoti ya kilo 100 niliyokuwa napiga mara tano, nikaishia tatu, mikono imeloa jasho. Wiki ya tatu nikapiga tano kwa maji matupu. Nilikaa chini nikaangalia ile namba muda mrefu.

Sasa hivi natumia mara mbili kwa wiki: siku ya miguu na siku moja nyingine ngumu. Nina kilo 70, napima miligramu 3 za kafeini kwa kila kilo ya uzito, yaani 210, dakika 45 kabla. Napima unga kwa mizani, maana kijiko kilichoshindiliwa hakilingani na kilicholegea, na kopo nalitikisa kwanza. Mazoezi yakiangukia jioni, sigusi. Kreatini, kirutubisho cha nguvu za misuli, nakunywa kila siku, haihusiki na mambo ya kuzoea.

Ukiona DMAA, kichangamshi hatari kwa moyo na presha, kwenye lebo, achana na kopo hilo kabisa. Kafeini tupu ya unga nayo usiinunue: kijiko kimoja cha chai kinalingana na vikombe karibu 28 vya kahawa, na watu wamekufa. Mwenye presha, moyo unaokwenda mbio au anayetumia dawa za kila siku amuone daktari kabla ya yote haya.

Kesho chukua kopo lako, jumlisha na kahawa, chai na vinywaji vya kuongeza nguvu, kisha andika hapa jumla ya miligramu na saa unayolala, tuone pa kuanzia kupunguza.