Maswali ya Wasomaji: Msanii Anapoalikwa Shuleni

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Newala. Tumempata msanii wa ngoma na maigizo kutoka Mtwara mjini, na amekubali kuendesha warsha ya siku nne kwa kidato cha pili na cha tatu. Mkuu wa shule anataka siku ya mwisho wanafunzi wacheze sindimba mbele ya mgeni rasmi, lakini msanii anasema hakuja kuandaa onyesho. Wazazi nao wanaitilia shaka ngoma yenyewe. Tufanyeje?

JIBU: Mwalimu, msanii wenu ana haki, nami nakuomba umsemee kwa mkuu wa shule. Siku nne zikiishia katika kunyoosha mistari na kukariri hatua, wanafunzi watakuwa wametumikia sherehe ya watu wazima, ilhali warsha ilikusudiwa wao wenyewe watunge. Mwaka 1996 Profesa Amandina Lihamba na Profesa Penina Mlama wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mpango wa Tuseme kwa wasichana wa sekondari. Wasichana walitafuta kwanza mambo yanayowakwamisha shuleni, wakachambua sababu zake, kisha wakayatungia michezo ya kuigiza na nyimbo, wakaonyesha mbele ya wenzao na walimu, na onyesho likafuatwa na mjadala. Mgeni rasmi wenu akaribishwe kwenye mjadala wa namna hiyo, akae, asikilize.

Kuhusu sindimba, wazazi wasibezwe. Ngoma hii ya Wamakonde ina mizizi katika jando na unyago, na ilipopelekwa majukwaani baada ya uhuru, watazamaji wengi walikazia macho mchezo wa kiuno wakaacha mengine yote. Mwalikeni nyakanga, yaani kiongozi wa jando au unyago, au mzee anayeheshimika aje siku ya kwanza aeleze ngoma hiyo huchezwa lini, na nani, na kwa nini, naye ndiye aseme kipi kinafaa kuchezwa mbele ya watu wote. Kwa mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde hao hao, muwe waangalifu zaidi, kwa kuwa ni nani aliyemo ndani ya kinyago ni siri ya waliopita jandoni. Kinyago kisiingie darasani kabla wazee hawajaridhia.

Jambo moja dogo nalipenda sana katika warsha hizi. Kabla ya kupigwa, ngoma hupashwa kwa moto wa majani makavu ili ngozi ikaze. Kazi hiyo isifanywe na msanii peke yake nyuma ya jengo, bali wapewe wanafunzi: wasogeze ngoma motoni, waigonge kwa vidole, wasikilize, waisogeze tena. Hapo yule ambaye hanyanyui mkono darasani mwaka mzima husikika akibishana na wenzake kwamba hii bado, ile imetosha, nawe utajua nani wa kumpa nafasi ya kuongoza mchana.

SWALI: Mimi ni msanii wa maigizo hapa Lindi. Shule huniita, lakini hupewa darasa zima kwa saa moja, mwalimu huondoka, na malipo huwa ni shukrani. Niweke masharti gani?

JIBU: Ndugu msanii, masharti yako yaandikwe kabla hujapanda gari. Omba kundi linaloweza kukaa duara moja ukaona uso wa kila mmoja, na kama darasa ni kubwa, ligawanywe kwa zamu. Mwalimu abaki na aingie mchezoni, kwa sababu wewe utaondoka na yeye ndiye atakayeendelea nao. Nauli, chakula na ujira vitajwe kwa tarakimu, na usione haya, kwani hiyo ni kazi yako. Uwe pia na kitambulisho chako cha Baraza la Sanaa la Taifa, kwani walimu wakuu wengi huridhika wakikiona. Tarehe zipangwe kati ya Julai na Septemba, maana kuanzia Oktoba korosho huwa zimeanguka, mitihani ya taifa imekaribia, na mahudhurio hupungua.