Mkuu, usiweke petroli stoo ya gereji

Mkuu uliyeandika toka Pasua, hayo madumu mawili ya petroli usiyaingize stoo! Umeuliza kama lita 40 za jenereta na za kuoshea spea zinaweza kukaa ndani, maadamu mchomeleaji yuko nje. Wa kwangu naye alikuwa nje.

Ni Unga Limited, Arusha, gereji ya pikipiki. Dumu lilikuwa lile la njano la mafuta ya kula, mfuniko umebanwa kwa kipande cha nailoni. Mabati yakipata joto mchana linavimba tumbo, nalegeza mfuniko lipumue, nafunga tena. Kumbe kila nikilegeza najaza mvuke stoo. Siku hiyo kijana wangu anaosha kabureta kwenye beseni la petroli, pale mlangoni. Mchomeleaji yuko hatua kama kumi, anaunga stendi. Hakuna cheche iliyofika kwenye beseni, nilikuwa natazama. Moto uliwakia miguuni pa mchomeleaji, ukarudi kwetu ukitambaa sakafuni kama maji yanayofuata mtaro. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne: haupandi darini, unalala chini na kusafiri. Wala hausubiri joto, unatoka wa kutosha kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse chini ya bati.

Mwingine akamwaga ndoo ya maji. Petroli ikaelea, moto ukasambaa nayo. Kandambili za yule kijana ziliyeyukia miguuni.

Fundi aliyenifundisha kazi alikuwa akisema petroli haiwaki mpaka kiberiti kiiguse, mlango ukiwa wazi hakuna neno. Sijamsamehe. Alilishika neno hilo miaka na miaka, na aliowafundisha wanalifundisha mpaka leo.

Petroli isilale ndani ya jengo mnamofanyia kazi, hata lita moja. Ya jenereta nunua ya siku hiyo, kwenye chombo kilichotengenezwa kwa petroli, usikijaze mpaka shingoni. Kituoni kiteremshe chini kwanza, ndipo wajaze. Ikibaki, iwe kibanda cha nje chenye kivuli na matundu chini, mbali na mchomeleaji na jiko la mama lishe. Jenereta izime, ipoe, ndipo umimine. Spea oshea dizeli. Zitachelewa kukauka, acha zichelewe. Na mtungi wa poda uwe mlangoni, siyo nyuma ya stoo.

Mambo ya kibali cha kuweka petroli wengine watakujibu. Umesema unahamia Jumamosi: kama madumu yameshaingia, fungua milango, usiguse swichi ya taa, yatoe leo.