Wosia Peke Yake Hautoshi

Baba yangu aliacha wosia. Ulikuwa na tarehe, sahihi yake na mashahidi, na hakuna ndugu aliyeupinga. Hata hivyo, nilipokuwa msimamizi wa mirathi yake hapa Dar es Salaam nilizungushwa sana kwa sababu ya jina tu. Kitambulisho kilikuwa na majina matatu, mkataba wa mauziano ya kiwanja ulikuwa na mawili, na moja kati ya hayo mawili lilikuwa jina la ujanani ambalo mtaa mzima ulimjua nalo. Benki nayo ilikuwa na herufi zake. Marehemu hawezi kusimama mbele ya karani akasema "wote hao ni mimi."

Kwa hiyo ninayemshauri kuhusu mirathi simwanzishi na wosia. Namwambia atoe karatasi zake zote, azitandaze mezani, alinganishe majina herufi kwa herufi: kitambulisho cha taifa, cheti cha ndoa, hati ya kiwanja, kadi ya gari, akaunti ya benki. Zikitofautiana, aende kwa wakili aape kiapo cha majina angali hai. Ni shughuli ndogo kwake. Kwa watoto wake itakuwa safari za mahakamani.

Zinafuata karatasi za watu. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote, na nasema wote, vipatikane mapema RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Cheti cha ndoa kiwepo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaweza kuwadhania kuwa wanandoa watu walioishi pamoja miaka miwili na zaidi, lakini mjane atalazimika kulithibitisha hilo mbele ya mashemeji, tena akiwa bado msibani. Inaniuma kila ninapoona mama anaulizwa "wewe ni nani hapa?" kwenye nyumba aliyoijenga yeye na mumewe.

Upande wa ardhi, andika uliyonayo ni ipi: hati miliki, leseni ya makazi, hakimiliki ya kimila ya kijijini, au mkataba wa mauziano uliopita serikali ya mtaa. Kama ni mkataba tu, utafute umilikishwe ungali na nguvu.

Sasa wosia. Kwa wanaofuata sheria ya kimila, wosia wa maandishi wa anayejua kusoma unahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Asiyejua kusoma anahitaji wanne, wawili kwa wawili. Mimi naongeza: chagua wasiorithi chochote. Muislamu akumbuke kwamba wasia wake hauvuki theluthi ya mali iliyobaki baada ya mazishi na madeni, na kumuusia mrithi kunahitaji ridhaa ya warithi wenzake. RITA wanapokea wosia na kuutunza. Nauona uamuzi bora kuliko kuuficha kabatini, ambako atakayeuona kwanza huenda ndiye asiyeupenda.

Fomu za kazini, za bima na za SACCOS zipitie upya. Wengi walizijaza kabla ya kuoa au kuolewa, na jina la atakayelipwa lililomo mpaka leo ni la kaka.

Jambo moja watu hulielewa vibaya: hati ya uwakilishi uliyompa mwanao akusimamie nyumba inakufa pamoja na wewe. Baada ya hapo hana ruhusa ya kuuza wala kutoa fedha kwa hati hiyo, hata kama kila ndugu amekubali. Lazima mahakama imteue msimamizi.

Na huyo msimamizi, akiteuliwa Mahakama ya Mwanzo, ana miezi minne ya kupeleka orodha ya mali na madeni kwenye Fomu Namba 5. Mwandikie orodha hiyo leo, pamoja na unaowadai na wanaokudai, weka sahihi, na umwambie mtu mmoja unayemwamini ilipo.